Mkalimani anaomba radhi

Kazi yangu ni kusema "mimi" kwa niaba ya watu nisiowajua. Mgonjwa aliye hospitalini Marekani akisema mgongo unamuuma, nami nasema kwa Kiingereza mgongo unaniuma, nikiwa nimekaa Mombasa, chumba cha nyuma, feni nimeizima isisikike kwenye simu, jasho lanitoka. Daktari akisema nitakupima damu, nami kwa Kiswahili nasema nitakupima damu. Nikitaka kutia neno langu mwenyewe, hapo sasa siruhusiwi kusema "mimi". Nasema "mkalimani". Mkalimani hakusikia vizuri. Mkalimani anaomba urudie. Ukishazoea, hata nyumbani mdomo unakuponyoka, unawaambia watoto mkalimani amechoka, wacheni kelele.

Wengi ninaowakalimania ni Wakongo waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi: watu wa Uvira, Fizi, Bukavu, na wengine waliokaa miaka na miaka Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa 1996. Simu ikiingia, kwenye kioo huandikwa lugha inayotakiwa. Huandikwa "Kiswahili", basi. Hakisemwi cha wapi.

(Mambo madogo madogo nimeyageuza humu, kwa sababu tumeapa kutunza siri za wagonjwa. Maneno yenyewe sikuyagusa.)

Mwezi wangu wa kwanza kazini alikuja mzee mmoja, sauti ya upole, anajibu taratibu. Muuguzi akamuuliza anatumia dawa gani. Akajibu: "Munganga alinipatia dawa, ninakunywa kila mangaribi."

Sikusita hata kidogo. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mganga wa kienyeji amenipa dawa na ninainywa kila jioni.

Kukawa kimya. Kisha nikasikia vidole vya muuguzi kwenye kompyuta, tka tka tka, anaandika mengi. Akauliza ni mitishamba gani. Mzee akasema hakuna miti. Akauliza huyo mganga yuko wapi. Mzee akasema yuko hapa hapa. Muuguzi akamshauri aiache hiyo dawa kwanza mpaka daktari aione, nami nikamfikishia mzee kwa Kiswahili safi kabisa, chenye ngeli zake zote. Mzee akashtuka. "Lakini munganga alisema nisiache hata siku moya!" Muuguzi akasema mweleze kwamba mganga si daktari. Nikamweleza. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaniambia polepole, kama mtu anayemfunza mtoto kuhesabu: "Mama. Munganga. Dokta. Ule mwanamuke wa miwani, wa apa apa kwenu."

Nikahisi masikio yanapata moto.

"Mkalimani anaomba radhi," nikasema. "Mkalimani amekosea."

Kwa Mkongo, munganga ni daktari. Kwangu mimi mtu wa Mombasa, mganga ni yule wa mabango ya "Mganga kutoka Tanga" yaliyopigiliwa misumari kwenye nguzo za stima, anayerudisha mume aliyepotea na kuzindika biashara. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba Dar es Salaam nimeishi, na kule vibao vya Mganga Mkuu wa Wilaya nimevipita mara ngapi, naye ni daktari aliyesomea, ana ofisi na muhuri. Masikio yangu hayakukumbuka Dar wala hayakuuliza. Yalimsikia mzee wa kigeni anayesema "munganga", yakaamua kwamba mzee huyu hajui Kiswahili, na kwamba neno lake nimtafutie mimi maana.

Kabla ya siku hiyo ukiniuliza nani anajua Kiswahili ningejiweka mstari wa mbele.

Nao mstari wa mbele sikuzaliwa nao. Nilipokuwa shule ya msingi hapa Mombasa, Kiswahili kilikuwa lazima na kilitahiniwa, na kila mwaka watoto wa bara walitushinda sisi ambao ndiyo lugha tuliyonyonya. Insha ilisahihishwa kwa maki 40. Ya kwangu moja naikumbuka ilivyorudi, ina maduara mekundu kama mtoto mwenye surua. Nilikuwa nimeandika: "Tulikaa tini ya mbuyu, mtanga ukatuingia mato, nikateka mpaka kitwa kikaniuma." Sentensi moja, maduara matano. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mwema, hakuwa mkali, lakini ile "nikateka" ilimpendeza mno. Akaisoma mbele ya darasa. "Uliteka nini? Maji, au uliteka watu nyara?" Darasa zima likaangua kicheko, na waliocheka sana ni wale ambao kwao pia husemwa kuteka. Nilipata 17.

Nasi tulimcheka, tusijitie utakatifu. Alikuwa akisoma imla kuhusu paa aliyekimbia mwituni, naye neno hilo alilitamka bila ile pumzi ya mnyama. Kwetu p'aa wa mwituni ana pumzi mdomoni, na paa la nyumba halina, kama vile k'aa wa baharini si kaa la moto. Kwa hivyo sisi tulisikia paa la nyumba limekimbia mwituni, tukaziba midomo kwa madaftari. Kwenye maandishi huwezi kutofautisha, yote ni p-a-a. Tuliochekewa maandishi tukamchekea matamshi, na aliyekuwa na chaki ni yeye.

Nilipeleka insha nyumbani. Nyanyangu alikuwa mtu wa Lamu aliyeolewa Mombasa, hakusoma herufi za Kizungu. Barua zake za kutoka kwao ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akiziweka ndani ya kasha la nguo na asumini iliyokauka. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea yote, na kila duara nikalitaja. Alisikiliza akiwa anachambua mtele kwenye uteo. Nilipomaliza, alinisahihisha kitu kimoja tu: nilikuwa nimeandika kwamba siku ile baba alivua tewa mkubwa. "Hatukuvua tewa," akasema. "Tewa yule tulimnunua kwa wavuvi. Usiandike urongo."

Nikajifunza haraka, kwa sababu mtoto hapendi kuchekwa. Shuleni chini, mchanga, macho, cheka, kichwa. Nyumbani tini, mtanga, mato, teka, kitwa. Nikawa na midomo miwili. Nilipofika sekondari tukaanza ushairi, na siku moja "mato" ikanitokea kwenye beti za Muyaka, mshairi wetu wa karne ya 19. Mwalimu akatufundisha tuandike kwenye jibu: mshairi ametumia lahaja. Ukiandika hivyo unapewa maki. Yaani neno lile lile lililonitia hasarani kwenye insha, marehemu akilitumia linaitwa ufundi. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshajua kutouliza.

Baadaye nikaenda Dar, nikakaa miaka miwili kwa binamu yangu mwenye duka Kariakoo. Siku ya pili tu nikatoka kwenda Mtaa wa Kongo kununua leso. Nikamwambia kijana wa dukani nataka leso nzuri ya kujifunga. Akanitazama kiunoni, akatazama mkononi mwake alikokuwa ameshika kitambaa cha kufutia jasho, cha mraba, kimekunjwa vizuri. "Dada," akasema, "hii utajifunga wapi?" Kumbe kwao leso ndiyo hiyo. Ninayoitaka mimi ni khanga.

Ikawa hivyo karibu kila wiki. Nilipomwomba binamu ruhusa niende kumwona nyanya, msichana wa dukani akaniambia genge lipo hapo kona, kwa nyanya huhitaji ruhusa. Mwenye nyumba alipobisha asubuhi akisema karo limejaa, nikamuuliza ya mtoto yupi, maana kwetu karo ni ada ya shule, na kwake lilikuwa shimo la maji machafu nyuma ya choo. Na mahamri nikayatafuta mji mzima, kila mahali ni maandazi, tena hayana iliki ya kutosha. Hilo la iliki si lahaja, ni uchungu wangu tu.

Lakini Dar niliipenda, na Kiswahili chake nikakipenda. Wanavyokisema bila kukimbilia Kiingereza kila neno la tatu! Nikakivaa chote. Tatizo ni niliporudi. Nilirudi na ulimi wa mgeni na ukali wa mwalimu. Ndugu zangu wakisema stima, nasema umeme. Wakisema karo, nasema ada. Mamangu akisema ndoo ule, nasema njoo, mama, ndoo ni ya maji. Wakanivumilia, si unajua watu wa nyumbani.

Nyanyangu alikuwa bado hai, mzee sana, haoni vizuri, anamjua mtu kwa hatua zake. Nilipoingia na mizigo akasema kutoka kitandani, "Umekuya?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu nikikaza ile j: "Nime-ku-ja, nyanya." Akanyamaza. Akanigeuzia uso kabisa. Akasema, "Hata mimi naona umekuya."

Hakusema zaidi, na hakuwahi kulirudia. Alifariki mwaka uliofuata.

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa ukalimani ndipo nilipoanza kusoma habari za lugha yenyewe. Nikakuta kwamba Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Wakoloni Waingereza walitaka Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wamisionari wa Mombasa walikuwa wameandikia Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, tangu zama za Krapf, aliyefika hapa 1844. Wa Zanzibar, akina Steere, waliandikia Kiunguja. Mwaka 1928 wakakutana, na mkutano ulioamua kwamba msingi uwe Kiunguja ulifanyika wapi? Mombasa. Walikuja kuamulia kwetu, Kimvita kikiwa kinapiga kelele nje sokoni. Kisha 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia maneno na tahajia. Sisemi walikosea kuchagua. Vitabu havichapishwi kwa lahaja kumi na tano, na Kiunguja kilikuwa kimeshasambaa bara na misafara ya biashara. Lakini kuchagua walichagua. Kama hoja za Mombasa zingeshinda siku ile, pengine mtoto wa Unguja ndiye angepata 17 kwa kuandika macho.

Tena si Unguja yote. Niliwahi kwenda Makunduchi, kusini mwa kisiwa, wakati wa Mwaka Kogwa, ile sherehe yao ya mwaka mpya ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Hilo neno kogwa lenyewe ni kuoga kwetu sisi. Mama aliyenikaribisha alizungumza nami Kiswahili kama cha taarifa ya habari. Akimgeukia dada yake, kikawa kingine, nikashika neno moja katika manne. Kwenye kile kile kisiwa kilichotupa sanifu! Nikamuuliza mbona hasemi nami hivyo. Akacheka. Akasema hicho ni cha ndani, mgeni apewe cha barazani.

Sasa turudi kwa mzee wa munganga. Baada ya simu ile nilimtafuta mkalimani mwenzangu, mtu wa Uvira, nikamwambia nifundishe. Akaniambia jambo ambalo lilinikera kidogo: "Ninyi watu wa pwani munatusikia kama watu wanaokosea. Sasa sikiliza kama makosa yetu yana mpangilio ao hapana." Nikaanza daftari. Kweli, mpangilio upo, tena mkali. Wanaosema batu na batoto hawasemi leo ba na kesho wa. Vitu ni bintu, vizuri ni bizuri. Mtu ni mutu, mke ni muke, ile m yetu ya kubana midomo wao wanaipa vokali yake, kila mara. Mimi nimesahihisha watu maisha yangu yote na nakuambia, mtu anayekosea hakosei vilevile asubuhi hadi jioni miaka mia.

Na maneno yao yana historia ambayo yetu hayana. Misafara ya pwani ilikipeleka Kiswahili hadi Manyema, mashariki mwa Kongo, katika karne ya 19. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa na makao Kasongo, huko huko Manyema. Lugha ile ikaitwa Kingwana, ya waungwana. Watu wengine wakaenda nacho Katanga, na migodi ya shaba ilipofunguliwa, wafanyakazi wa makabila mengi wakakutana humo, na watoto waliozaliwa kambini mwa migodi wakakuta hiyo ndiyo lugha ya nyumba. Kuna mama aliniambia miadi yake iwe "siku ya posho". Nikauliza ni siku gani. Jumamosi, akasema, siku waliyogawiwa posho kazini. Aliyegawiwa ni babake. Mgodi aliuacha, nchi ameikimbia, na wiki yake bado inaishia kwenye foleni ya unga. Sisi tuna Jumamosi inayohesabiwa kutoka Ijumaa ya msikiti. Kila mtu na kalenda iliyomlea.

Kuna ule mzaha tunaoupenda Afrika Mashariki: Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Nimeusema mara nyingi barazani na watu wakacheka. Kongo hiyo hiyo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Siku hizi ukisemwa mbele yangu nawaza tu kwamba nalipwa kwa dakika na maiti.

Kilichobaki ni mama mmoja, miezi michache iliyopita. Alikulia Lubumbashi, sauti nzito ya mtu aliyeita watoto wengi kutoka mbali. Kesho yake alikuwa atiwe dawa ya usingizi kwa jambo dogo, na hospitali haimruhusu mtu kurudi nyumbani peke yake baada ya hapo. Muuguzi akauliza nani atamsindikiza. Nikasema, "Utasindikizwa na nani?" Akasema, "Nini?" Nikasema, "Nani ataandamana nawe?" Akasema, "Mama, sikusikia." Simu ilikuwa inakwaruza, na yeye hasikii vizuri, na mimi nazidi kupandisha Kiswahili juu kama mtu anayepanda ngazi. Akauliza, bila hasira, "Weye ni wa wapi? Unasema sawa redio."

Sijui ilitoka wapi. Misafara ya Manyema iliondoka Bagamoyo, haikuondoka Lamu, sidai undugu wowote. Lakini nilifungua mdomo nikamsikia nyanyangu: "Utakuya na nani, mama?"

"Aa! Nitakuya na mutoto yangu moya." Kisha akacheka, kicheko kirefu chenye kikohozi. "Kumbe unajua kusema!"

Muuguzi akauliza anacheka nini. Sheria yetu ni kutafsiri kila kinachosemwa, hata matusi. Nikasema kwa Kiingereza: nitakuja na mtoto wangu mmoja, halafu mgonjwa anamwambia mkalimani kwamba kumbe mkalimani anajua kuzungumza.

"Kwani mpaka sasa mlikuwa mnafanya nini?" muuguzi akauliza.

Hilo nalo nikalitafsiri. Mama akacheka tena.

Muuguzi akaendelea na fomu. Mara ya mwisho kula ilikuwa lini, na alikula nini. Mama akasema jana mangaribi, bukali na sombe. Nilikuwa tayari kusema ugali na kisamvu. Muuguzi akasema hayajui hayo maneno, nimtajie herufi moja moja ayaandike. Nikaanza: b, u, k, a, l, i.